Daftari la Kompyuta Lichelewapo

Wengi wenu ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Wazee wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa zamani: karani alikuwa na daftari kubwa la mistari, na kila shilingi iliyoingia au kutoka iliandikwa humo kwa wino, nawe ukaandikiwa katika kijitabu chako. Siku hizi daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta. Mafundi huliita hifadhidata, na kila mara uwekapo au utoapo fedha, jambo hilo huitwa muamala. Hata fedha tunazotumiana kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza huko Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008, ni miamala ya namna hiyo, na huandikwa katika daftari la namna hiyo.

Sasa nasikia manung'uniko mahali pengi. Watu husema: "Mashine ya chama ilipokuja ilikuwa nyepesi, leo imekuwa nzito kama gogo lililoloa maji." Foleni hufika barabarani. Karani hutazama kioo, na kioo humtazama karani. Kamati ikikutana huwa na dawa moja tu, nayo ni kununua mashine mpya iliyo kubwa zaidi. Fedha ya kuinunulia ni yenu. Kwa hiyo yafaa mjue jambo hili, hata kama hamjapata kushika kompyuta kwa mikono yenu. Mimi nimetunza mashine hizo miaka mingi, katika vyama na katika zahanati, nami nawaambieni kwamba mara nyingi ugonjwa haupo pale kamati inapopapasa.

Tuanze na muamala wenyewe. Tuseme Bibi amekuja dirishani kutoa shilingi 50,000. Ninyi mwaona karani akibonyeza vitufe, basi. Lakini ndani ya mashine huandikwa mambo mengi. Salio la Bibi hupunguzwa. Fedha iliyo katika droo ya karani hupunguzwa. Mstari mpya huandikwa katika hesabu ya Bibi, risiti hupewa namba, jina la karani na saa hutiwa humo, na tena kila faharasa inayohusika hurekebishwa. Waweza kuhesabu mahali 10 kwa urahisi. Na hayo yote sharti yafanyike pamoja, au yasifanyike kabisa. Umeme ukikatika katikati, haifai salio la Bibi liwe limepungua na fedha iwe bado imelala katika droo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jim Gray, alipewa tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya mambo haya ya miamala. Mwaona basi kwamba si mchezo wa watoto.

Mashine hufanyaje? Kabla ya kugusa kurasa za daftari kubwa, huandika kwanza katika kitabu kingine kidogo kiitwacho logi. Logi haina kupekua huku na huku. Huandikwa mwisho tu, mstari baada ya mstari, kama shajara ya mlinzi wa usiku. Maneno ya logi yakiisha kufika katika diski na kukaa humo, ndipo mashine husema "tayari," na risiti hutoka. Kurasa za daftari kubwa zaweza kuandikwa baadaye kidogo kwa nafasi. Umeme ukikatika, mashine ikiamka husoma logi, na kumaliza yale yaliyokuwa bado. Kwa hiyo risiti uliyo nayo mkononi ina maana moja: neno lako limekwisha kuandikwa mahali ambapo giza haliwezi kulifuta. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Mahali hapo ndipo diski, na sasa tumefika penyewe.

Diski iliyokuwa ya kawaida kwa miaka mingi, na ambayo bado imo katika mashine nyingi za vyama, ni sahani ngumu inayozunguka. Juu yake kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Waliopata kuona santuri za zamani watanielewa mara moja, ila kichwa hiki hakigusi sahani. Diski nyingi za namna hii huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mashine ikitaka ukurasa fulani, mkono sharti usogee mpaka kwenye njia yake, kisha ungoje mpaka ukurasa huo uzunguke ufike chini ya kichwa. Kusogea huchukua kama milisekunde 8 au 9, na kungoja huchukua kama milisekunde 4 kwa wastani. Milisekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Mtasema: ni nini hicho, hata kope haijafumba! Ni kweli. Lakini jumlisheni, kisha mgawanye sekunde moja kwa 12 au 13. Mkono huo waweza kwenda mahali kama 80 tu kwa sekunde. Bibi mmoja peke yake ametaka 10.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, mashine ya kwanza ya biashara iliyokuwa na diski, na kazi yake ilikuwa uhasibu hasa. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kupata neno moja kulichukua kama sehemu 6 za kumi za sekunde. Leo diski moja inayoshikika kwa mkono mmoja yaweza kubeba herufi bilioni 20,000, yaani mara milioni 4 ya RAMAC nzima. Lakini mkono wake? Umekuwa mwepesi kama mara 50 tu. Ghala limekuwa kubwa kama mlima, na mlango umebaki kuwa mlango. Wauza mashine hupenda kuwaonyesha ghala.

Na tena muuzaji aweza kuwaambia: "Diski hii husoma megabaiti 200 kwa sekunde." Hasemi uongo. Kurasa zikiwa zimepangwa mfululizo, diski huzisoma mbio kama mtu asomaye kitabu toka mwanzo hata mwisho. Lakini daftari la chama halisomwi hivyo. Leo amekuja mwanachama namba 17, nyuma yake namba 5,204, nyuma yake namba 861. Mkono hurukaruka. Muulizeni muuzaji: "Hurukia mahali pangapi kwa sekunde?" Asipojua, arudi nyumbani akaulize.

Mwaweza kuniuliza: kama diski ni nzito hivyo, kwa nini mashine ilikuwa nyepesi mwaka wa kwanza? Swali zuri. Ni kwa sababu kompyuta ina meza yake ya kufanyia kazi, nayo ni kumbukumbu ya muda. Ukurasa ukiisha kuletwa mezani hukaa hapo, na ukitakiwa tena hausumbui diski. Daftari likiwa dogo lote hukaa mezani. Katika PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata inayotolewa bure na hutumiwa na wengi, ukurasa mmoja una herufi 8,192. Hata ukitaka mstari mmoja tu, ukurasa mzima huletwa. Chama hukua, wanachama huongezeka, na hakuna anayefuta miamala ya zamani. Siku moja daftari hupita ukubwa wa meza. Hapo ndipo watu hushangaa, maana uzito hauji polepole. Kama jana katika kurasa 100 ulihitaji kwenda ghalani mara 1, na leo wahitaji kwenda mara 5, safari zimekuwa mara tano, ingawa daftari lenyewe limekua kidogo tu. Ni kama mtungi: unajaa taratibu siku nyingi, na kumwagika ni mara moja.

Nitawasimulia chama kimoja cha wakulima wa kahawa, huku kwetu milimani Mbinga. Jina lake halina haja.

Chama hicho kilikuwa kikiwalipa wakulima wake kwa kuwaandikia fedha katika hesabu zao. Siku ya malipo, tangu asubuhi, mashine iliandika malipo ya wakulima wote mmoja mmoja, na wakati huo huo madirisha manne yalikuwa wazi kwa watu wa kutoa na kuweka. Miaka ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha yakaanza kuharibika, na mwaka mmoja malipo yaliangukia Januari, wakati wa sare na madaftari ya shule. Watu walifika kabla ya jua. Saa tano mchana dirisha la kwanza lilikuwa limehudumia watu tisa.

Bibi mmoja alikuwa ameteremka kutoka juu mlimani atoe fedha ya kumpeleka mjukuu wake hospitali. Jioni gari la mwisho lilipopiga honi alikuwa bado kwenye foleni, naye akaondoka mikono mitupu. Aliponipita mlangoni aliniuliza: "Mwanangu, nambie kweli. Fedha yangu imo humo au haimo?" (Mtoto alipona, jirani aliwakopesha.) Lakini swali lile halikuwa la Bibi peke yake. Katika juma lile watu wengi walikuja kufunga hesabu zao kabisa. Walisema heri fedha ikae chini ya godoro, maana godoro halina foleni. Nani atawalaumu? Mkulima haoni diski. Aonacho ni kwamba ametaka chake akanyimwa.

Kamati iliitwa upesi. Mezani palikuwa na barua ya muuzaji mmoja aliyetaka kuwauzia mashine yenye prosesa nne mahali pa moja. Bei yake ingekula faida ya mwaka mzima. Mwenyekiti aliniuliza: "Fundi, tutie sahihi?" Nikamwomba siku mbili za kutazama.

Kutazama si uganga. Kompyuta yenyewe huandika jinsi inavyotumia wakati wake, ukiiuliza. Tukaiuliza siku nyingine ya malipo, saa ya msongamano. Prosesa ile iliyodhaniwa kuwa imechoka ilikuwa inafanya kazi kama dakika moja katika kila dakika kumi. Dakika nyingine zote ilikuwa imekaa ikingoja diski. Nikawaambia wanakamati: mpishi wenu ni hodari, lakini kuni hazifiki jikoni, mkiajiri wapishi watatu zaidi, mtakuwa na wapishi wanne wanaongoja kuni. Mama Mhazini alicheka, akaisukuma barua ya muuzaji pembeni.

Basi tukafuata kuni. Jambo la kwanza tuliloona lingemchekesha karani yeyote wa zamani. Programu ile, kila ilipotaka kujua salio la mtu, ilijumlisha miamala yake yote tangu siku alipojiunga. Mtu mwenye miamala 300 alikuwa na mistari 300 iliyotawanyika katika kurasa karibu 300. Kwa diski moja ya kurukia mahali 80 kwa sekunde, hizo ni karibu sekunde 4 za kumjua mtu mmoja. Sasa zidisheni. Tuseme wakulima ni 6,000: hizo ni safari 1,800,000. Diski zilikuwa tatu, zote pamoja safari 240 kwa sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe, mtapata zaidi ya saa mbili za kurukaruka, kabla ya kuandika hata neno moja, na madirisha yote yakigombea mkono ule ule! Karani wa wino hakufanya hivyo hata siku moja. Ukurasa ulipojaa alijumlisha, akahamisha salio kwenda juu ya ukurasa mpya, akaendelea. Tuliifundisha mashine desturi hiyo ya zamani: salio la kila mtu hufungwa kila mwezi, na tangu hapo mashine hujumlisha miamala ya mwezi huo peke yake.

Pamoja na hilo tukatengeneza faharasa iliyokuwa ikikosekana, ya namba ya mwanachama na tarehe. Faharasa za hifadhidata hufuata namna iliyoandikwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight mwaka 1972, kama mti wenye matawi mapana: kwa hatua tatu au nne tu mashine hupata mstari mmoja kati ya mamilioni. Lakini mjihadhari. Faharasa humsaidia asomaye na humtwika aandikaye, maana kila muamala mpya sharti uandikwe na huko pia. Tulikuta faharasa kadhaa ambazo hakuna aliyezitumia, tukazifuta.

Tena, picha za wanachama na sahihi zao zilikuwa zikiletwa kila hesabu ilipofunguliwa, hata kama karani hakuzitaka. Picha ni nzito kuliko maneno. Zilikuwa zimekaa juu ya meza yote, na miamala ikasukumwa ghalani. Tukazitenga mahali pake.

Na nakala ya akiba je? Ile inayochukuliwa kila siku ili mashine ikiungua chama kisife? Ilikuwa imepangwa kuchukuliwa saa nne asubuhi. Saa nne, jamani! Kila siku saa hiyo mashine ilianza kusoma daftari zima, huku watu wamejaa madirishani. Tukaihamishia saa nane usiku. Kazi hiyo ilichukua dakika mbili, na haikugharimu senti.

Hapo ndipo tulipoanza kutaja fedha. Kwanza tuliongeza kumbukumbu ya muda, kutoka gigabaiti 8 hadi 32, maana daftari lilikuwa limekaribia gigabaiti 30. Meza pana ni dawa ya bei ndogo kuliko zote zinazonunuliwa.

Kisha tukazitazama diski zenyewe. Diski zile tatu zilikuwa zimefungwa pamoja kwa namna iitwayo RAID, iliyoelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Shabaha yake ni njema: diski za bei ndogo zishikane mikono, moja ikifa nyingine ziokoe yaliyokuwemo. Namna zake ni nyingi, na fundi wa kwanza alichagua ile ya 5, ambayo haipotezi nafasi nyingi. Kwa kuweka picha na barua ni nzuri. Kwa daftari la fedha ina gharama iliyofichika. Pamoja na maneno yenyewe huweka hesabu ya kuyalinda, na kila ukibadili neno dogo sharti isome neno la zamani, isome hesabu ya zamani, iandike neno jipya, kisha iandike hesabu mpya. Ni safari 4 kwa neno moja. Namna ya kioo, ambapo diski mbili huandikwa sawasawa, ni safari 2, moja kwa kila diski, tena zafanyika wakati mmoja. Chama kilikuwa kimeokoa bei ya diski moja, nacho kikailipa kila siku ya malipo.

Tukanunua diski mbili za namna mpya, zisizo na sahani wala mkono, zilizotengenezwa kwa chipu, ambazo mafundi huziita SSD. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hujibu maelfu mengi ya maombi kwa sekunde pale ile ya zamani ilipojibu 80. Tukazifunga kwa namna ya kioo. Hata hivyo, zipo za namna mbili dukani, na macho hayawezi kuzitofautisha. Zile za bei ndogo, za kompyuta ya nyumbani, nyingi hupokea neno, huliweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, nazo zaweza kusema "tayari" kabla ya kuliandika. Umeme ukikatika wakati huo, neno limepotea. Zile za seva zina kapasita, vijichupa vidogo vya umeme vinavyotosha kumalizia maandishi yaliyobaki mkononi. Bei ni kubwa zaidi. Nilimshauri Mama Mhazini alipe, naye akalipa.

Sasa narudi kwenye lile neno nililowaambia mlishike.

Katikati ya kazi ile, kabla ya kununua cho chote, kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia alikuja na shauri. Ni kijana hodari kwelikweli, wala hakuwa na nia mbaya. "Mzee," akasema, "mbona twahangaika? Katika hifadhidata kuna sharti moja la kungoja diski. Tulizime. Mashine itaandika katika kumbukumbu na kujibu papo hapo. Itaruka kama swala."

"Itaruka, mwanangu," nikamwambia. "Twende tukaone itaangukia wapi."

Tulikuwa na mashine kuukuu kando. Tukaweka nakala ya daftari humo, tukalizima sharti lile, tukaanza kuandika miamala ya uongo na kutoa risiti za majaribio. Kwa kweli iliruka. Kijana alikuwa akinitazama kwa furaha. Nikachomoa waya ukutani.

Tulipoiwasha tena tulikuwa na karatasi mkononi na daftari mbele yetu. Risiti 38 za mwisho hazikuwemo. Kijana alizihesabu mara mbili. Na tulikuwa na bahati, kwani mashine ikikatwa hivyo yaweza hata kuharibu kurasa za zamani zilizokuwa nzima, na daftari lote likakataa kufunguka. Nikamwuliza: "Hii ya juu ungempa nani? Kama Bibi ameweka shilingi 200,000 za kahawa, akashika karatasi yako akaenda nayo nyumbani, kesho utamwambia nini?" Hakujibu. Baadaye alikwenda yeye mwenyewe akawaeleza wanakamati, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu ndilo jaribu la kila chama. Foleni huonekana na watu wote, nao hupiga kelele. Risiti isiyo na maandishi nyuma yake haionekani mpaka siku ya giza. Mkiwasukuma mafundi wenu kwa kelele peke yake, wapo watakaowapa wepesi wa namna hiyo, nanyi mtawashangilia.

Wala msidhani kwamba kila njia ya mkato ni ya hila. Kuna kungoja kusikokuwa na faida. Katika malipo ya wakulima, mashine ilikuwa ikiandika mkulima mmoja, ikangoja diski, kisha wa pili, ikangoja. Diski ya kuzunguka ya mara 7,200 haiwezi kukamilisha zaidi ya 120 hivi kwa sekunde kwa mtindo huo wa mmoja mmoja, maana kila mara sharti ingoje sahani izunguke tena; na ikiwa madirisha nayo yanaivuta huku na huku, hata hizo hazifiki. Tukawafunga wakulima mia mia. Mia wakiandikwa, mashine hungoja mara moja kwa ajili yao wote, kama lori moja libebalo magunia mia badala ya kila gunia kwenda na lori lake. Je, hilo si lile lile la kijana? La. Hakuna mkulima aliyepewa risiti kabla ya fungu lake kufika katika diski. Umeme ukikatika katikati, fungu zima hufutwa na kuanzwa upya, na hakuna aliyeambiwa "umelipwa" kwa uongo. Tena tuliyafanya malipo usiku wa kuamkia siku yenyewe, watu wafikapo asubuhi wakute fedha zimo.

Malipo yaliyofuata nilikuwepo. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa haijatoka nje ya mlango. Mashine ni ile ile na prosesa ni ile ile. Fedha iliyotumika haikufika robo ya bei ile ya muuzaji. Baadhi ya waliofunga hesabu zao walirudi, si wote. Imani ya mtu aliyekwisha kuondoka hairudishwi kwa diski mpya, huchukua misimu.

Daftari lile linaendelea kukua, na meza ile ya gigabaiti 32 nayo itajaa. Kamati imekubali miamala ya zaidi ya miaka kumi ihamishwe katika daftari la kando, ambalo hufunguliwa mtu akiuliza tu. Diski za chipu nazo huchakaa kwa kuandikwa, maana kila kijichumba chake huandikwa mara kadhaa wa kadhaa kisha huchoka. Zenyewe hutoa hesabu ya uchakavu wake. Kijana yule huisoma kila mwezi na kuiandika ukutani kwa chaki, na kamati imekwisha kutenga fedha ya kuzibadili kabla hazijafika mwisho.

Ninyi mlio wanachama mahali pengine, katika mkutano mkuu msione haya kuuliza. Ulizeni mashine inangoja nini inapochelewa, na nani aliyepima. Ulizeni kama risiti hutoka baada ya diski au kabla yake. Lakini zaidi ya yote ulizeni habari za nakala ya akiba, maana diski mbili za kioo hazitoshi: karani akifuta jambo kwa bahati mbaya, hufutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, na moto hauchagui. Msiridhike kuambiwa "ipo." Ulizeni ilirudishwa lini kwa majaribio katika mashine nyingine ikafunguka. Katika chama nilichowasimulia jambo hilo hufanywa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mama Mhazini huchagua mwenyewe vijitabu vitano vya wanachama bila kumwambia fundi ni vipi, kisha hukaa mbele ya ile mashine kuukuu, miwani puani, na kulinganisha mstari kwa mstari. Jumamosi iliyopita alimaliza kabla ya saa sita, akavifunga vijitabu vyake kwa uzi akaenda sokoni.